Neno Lililopanga Foleni Getini

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Barabara ya kiwanda cha sabuni ni hiyo hiyo moja, na kila anayekwenda mjini asubuhi lazima aipite, awe kwa miguu, awe kwa gari. Saa kumi na mbili kasorobo watu huwa wamejipanga getini, mikono mbele, viganja juu, kama watoto wa shule siku ya kukaguliwa kucha. Wewe ukainamia simu yako. Au ulikuwa na dirisha, ukalipandisha, ukasema harufu ya magadi inakuumiza kichwa. Miaka kumi na tisa kichwa kinakuuma mahali pale pale, na ukishapita kinapona. Haya, leo kaa kitako usikie ulichokuwa unakipita.

Jumanne moja getini walikuwepo watu mia na arobaini, na nafasi zilikuwa themanini. Msimamizi alitoka na daftari lake kwapani. Watu walimwita Bwana Viganja, kwa sababu alichagua watu kwa viganja tu, sura hakuzitazama. Sabuni hula mikono, na mkono ulioliwa hukata sabuni polepole. Siku moja sokoni alikutana na mwanamke aliyekuwa akimchagua kila asubuhi kwa miaka sita, akampita kama anapita nguzo ya umeme. Yule mama akamgeuzia viganja. "Ahaa!" akasema Bwana Viganja. "Za siku nyingi?"

Kwa kila mtu alikuwa na swali moja.

"Umewahi kufanya kazi hapa?"

"Hapana."

"Pita."

Jibu lilikuwa hilo tu. Aliyejibu ndiyo alirudishwa nyumbani, kwa kuwa sheria inasema aliyefanya kazi miezi mitatu mfululizo apewe barua ya ajira, na barua ya ajira huja na watoto wake: likizo, matibabu, kiinua mgongo. Asiyewahi kufanya kazi hadai kitu. Kwa hiyo kila asubuhi watu themanini ambao hawajawahi kukanyaga pale waliingia, wakatundika kanga na makoti kwenye misumari yao, wakaenda moja kwa moja kwenye mashine zao bila kuuliza njia, na aliyekuta mwenzake amesimama mahali pake alimwambia, "Dada, hapo ni pangu." Kila mmoja alipewa getini kipande cha karatasi ngumu chenye namba, kinachoitwa kibarua. Jioni alikirudisha. Kesho yake vibarua vya jana viliwashia moto chini ya pipa la kuchemshia sabuni.

Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka ule pipa la pili lilipopasuka. Waliungua watu kumi na mmoja. Daftari linasema hakuungua mtu, na daftari halisemi uongo: watu hao walikuwa wameulizwa asubuhi ile ile, wakajibu wenyewe.

Mwanamke aliyeitwa Mama Mche alikuwa amejibu hapana kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kukata mabamba ya sabuni kwa waya, yawe miche, na mkono wake ulikuwa umezoea kiasi kwamba miche yake haikupimwa. Wiki mbili kabla ya Jumanne hiyo, magadi makali yalimrukia kiganja cha kushoto. Ngozi ikababuka. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vikaanza kujikunja kuelekea ndani, kila siku kidogo, kama jani linalokauka. Alikuwa amekwenda hospitali. Daktari aliuminya mkono, akasema vidole vinyooshwe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikipita Ijumaa hiyo, vitabaki hivyo mpaka aingie kaburini. Lakini jeraha la kazini hutibiwa kwa barua ya mwajiri. Bila barua ni jeraha la mtaani, na la mtaani hupewa vidonge vya maumivu na pole.

Asubuhi hiyo, wakiwa foleni, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alifungasha sabuni kwenye meza ya mwisho, alimpaka kiganja mafuta na unga wa ngano mpaka kidonda kikapotea.

"Umependeza," alimwambia. "Kiganja cha bibi harusi. Ukimwonyesha, nyoosha hivyo vidole kwa nguvu, uhesabu mpaka tatu, urudishe."

"Vinauma, wifi."

"Jikaze kisabuni. Akiviona, kibarua chako kimeota nyasi."

Ndipo nyuma yao mtu akakohoa. Lilikuwa Neno.

Lilikuwa limefika kwa miguu, na vumbi lilikuwa limelifika magotini. Lilivaa koti refu lenye mihuri kila mahali, mikononi, kwenye kola, mgongoni, mingine ya wino mweusi, mmoja wa dhahabu iliyobanduka kidogo. Umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote foleni nzima. Begani mwake zilikuwa zimeota nyasi, fupi, za kijani. Watu walilitambua mara moja, kama unavyomtambua ndugu aliyeishi nje muda mrefu: hukumbuki ulimwona lini, lakini pua ni ile ile ya ukoo. Wakasogea kidogo, likapata nafasi.

Bwana Viganja alipolifikia, lilinyoosha mikono. Viganja vyake vilikuwa laini, vimejaa maandishi madogo, mstari juu ya mstari, kila mstari kwa mwandiko wa lugha yake.

"Umewahi kufanya kazi hapa?"

"Nimefanya kazi kila mahali," Neno lilijibu.

"Kaa pembeni."

Likakaa pembeni. Mama Mche alinyoosha vidole, akahesabu mpaka tatu, akapita.

Saa sita mchana walipotoka kula, walilikuta limeketi juu ya debe kando ya geti. Mama Mche alitoa kipande cha mkate, akamega, akalipatia Neno nusu na kikombe cha chai. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mumewe, alipokuwa hai, alikuwa akisema huyu mwanamke akifa atamuuliza mchimba kaburi ardhi ya pale ni ya aina gani.

"Wewe ni nani wetu?" aliuliza.

"Ndilo neno mnaloitwa."

"Kibarua?"

"Hilo ni jina langu la huku. Kwingine nina mengine."

"Kwingine wapi?"

Neno lilichovya mkate kwenye chai. "Nilizaliwa katika Kiarabu," lilisema. "Kule kazi yangu ilikuwa kumtoa mtu. Mtu ameshtakiwa, hakimu ameona hana hatia: natangulia mimi, yeye anatoka nyuma yangu. Mtu amemaliza kulipa deni: ndimi karatasi anayopewa, asisumbuliwe tena."

"Yaani ulikuwa unafungulia watu."

"Nilikuwa sina kazi nyingine."

"Ukatoka kwa nini, basi?"

"Maneno hayaulizwi, mama. Wafanyabiashara wanakufunga mzigoni, askari wanakupitisha mpakani. Nikafika katika Kiajemi. Kule nikawa hati ya kulipwa. Askari aliyenishika, hata mweka hazina awe na roho ngumu namna gani, lazima afungue sanduku. Nikaenda katika Kituruki, nikawa barua ya Sultani. Mtu akipewa cheo, alipewa mimi, mwenye muhuri huu." Likaonyesha ule wa dhahabu. "Wareno wakanichukua wakanifanya kibali, na katika lugha yao mpaka leo duka halifunguliwi mpaka niwe nimening'inizwa ukutani. Wahispania wakanifanya karatasi inayofuatana na mzigo. Mzigo ukifika, mtu ananisaini kwamba umefika salama."

"Na Kihindi je? Kule hukwenda?"

Neno likacheka. "Kule kuna mmoja tunafanana sura na sauti. Yeye ni msafara wa bwana harusi, ngoma mbele, maua shingoni. Watu wananipa mkono wakidhani ni yeye. Si ndugu yangu, asili yake ni nyingine kabisa. Lakini sikuwakatalia. Nilikaa naye harusi mbili, nikala vizuri."

Wifi, aliyekuwa amesimama akitafuna, akasema, "Hapo ungebaki, mzee. Mimi nisingetoka."

"Na huku kwetu?" Mama Mche alisogeza kikombe. "Huku ilikuwaje?"

"Huku nilipokelewa vizuri mwanzoni. Mliniita barua. Nililazwa chini ya mito. Wasichana walinibusu, akina mama walinitia kifuani wakalia. Halafu wakaja wenye mashamba makubwa. Walitaka kikaratasi cha kuhesabia siku za watu. Wakanikata, wakachukua kipande kidogo, wakakiita kibarua. Mtu alikishika, kila siku kikapigwa mstari. Mistari ikitimia, analipwa."

"Kikaratasi chenyewe, sawa. Sisi je?"

"Wakachoka kumwita mtu jina lake na karatasi jina lake. Wakaona majina mawili ya nini. Wakambandika mtu jina la karatasi."

Kengele ilikuwa bado. Wifi alinyoosha mkono akang'oa unyasi mmoja begani mwa Neno, akaunusa.

"Na hizi nyasi?"

"Hizo ni za lugha yenu peke yake," Neno lilisema. "Kila mtu akifukuzwa kazi mnasema nimeota nyasi. Basi naota. Katika Kituruki sikuwahi kuota kitu."

Mama Mche alikuwa anafikiri jambo lake. "Kwa hiyo wewe," alisema taratibu, "ukichambuliwa mpaka ndani, ni barua."

"Barua imo."

"Mimi natafuta barua."

Jioni akaenda nalo nyumbani. Walikaa yeye na wifi katika chumba kimoja chenye pazia katikati, vitanda viwili, jiko la mafuta na kabati lisilo na mlango mmoja.

"Mungu wangu," wifi alisema wakati wa kupanga pa kulala. "Wenzako wakitoka kazini wanaokota kuni. Wewe umeokota neno."

"Halichukui nafasi."

"Linakula?"

"Linakula."

"Basi ni mtu. Litandikie kule kwako, mimi nakoroma."

Asubuhi ya Jumatano Mama Mche hakwenda getini. Ruhusa hakuomba, mtu asiyewahi kufanya kazi haombi ruhusa. Alilipangusa Neno vumbi la magotini, akalichana nyasi za begani kwa chanuo, wakaenda hospitali, dirisha la nne. Mpokeaji alikuwa mwanamke mwenye mafua na sweta la bluu.

"Barua ya mwajiri?"

"Hii hapa," Mama Mche alisema, akalisogeza Neno mbele.

Mpokeaji alivaa miwani. Alilisoma kifuani, akaliambia ligeuke, akalisoma mgongoni, akakunja kola kuona kama kuna kitu chini yake. Alipiga chafya, akaomba radhi.

"Barua nzuri," alisema. "Sijaona iliyotimia kama hii tangu nimeanza kazi. Huu muhuri wa mfalme gani?"

"Wa Sultani," Neno lilisema.

"Umekaa vizuri. Lakini sioni wa kiwanda."

"Bila wa kiwanda haifai?" Mama Mche aliuliza.

"Dada yangu, mimi nisingekurudisha, naona mkono wenyewe ulivyo. Lakini hili ni neno la kumtoa mtu na la kumlipa mtu na la kumpa mtu cheo, na hapa tunatibu waliofanya kazi. Nani anasema ulifanya kazi? Leta muhuri wa kiwanda. Kiwanda kikikataa, leta barua ya mtu baki aliyekuona ukifanya kazi pale, na sahihi yake. Asiwe ndugu yako, wala asiwe wa pale kiwandani."

"Wenzangu wa kiwandani ndio wanaoniona."

"Wenzako wamewahi kufanya kazi pale?"

Mama Mche akauficha mkono ndani ya kanga.

"Umeona?" mpokeaji alisema kwa upole, akapenga kamasi. "Dirisha linafungwa saa tisa. Kila siku ila Jumamosi na Jumapili."

Kutoka hospitali walikwenda moja kwa moja kiwandani, mlango wa ofisi. Karani wa ajira alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, rangi tatu. Kwa heshima ya mihuri alilikaribisha Neno kwenye kiti, Mama Mche akabaki amesimama. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza. Kisha akauliza jina, akainuka, akafungua kabati la chuma lililoshika ukuta mzima.

Ndani yake yalikuwa maboksi ya sabuni, yale ya miche ishirini na nne, yamepangwa kwa mwaka na kwa mwezi. Karani alivuta la chini kabisa.

"Vibarua tunavichoma," alieleza. "Hapana zenu tunaziweka."

Alifungua boksi, na hapana ya kwanza ya Mama Mche ikatoka. Ilikuwa sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili, nyepesi, ya haraka, kama mtu anayekimbilia duka lisifungwe. Mama Mche aliinamisha sikio. Alikuwa ameisahau sauti hiyo. Karani alifungua nyingine, na nyingine. Moja ilikuwa na pumzi fupi. Ilikuwa ya miezi minane ya mimba. Moja ilikuwa ya asubuhi iliyofuata baada ya kumzika mumewe, na hiyo karani alilazimika kuisogeza karibu ndipo isikike. Moja ilikuwa na kicheko ndani yake.

"Hiyo wifi alikuwa amenitekenya," Mama Mche alisema. "Naomba uirudie."

Karani aliirudia.

"Ziko elfu tano na ushee," alisema. "Unazitambua kuwa ni zako?"

"Ni zangu."

"Tia sahihi hapa."

Alitia sahihi kwa mkono wa kulia. Karatasi ilisema kwamba aliyetajwa hapo juu amekiri kwa sauti yake mwenyewe, mara elfu tano na ushee, kuwa hajawahi kufanya kazi katika kiwanda hiki.

Ndipo Neno likasema kwa mara ya kwanza tangu liketi. "Ndugu karani. Mtu asiyewahi kuwepo amesimamaje hapa asubuhi elfu tano kusema hapana?"

Karani aliweka kalamu chini. Alilifikiria swali hilo kwa haki, akatazama dari, hata akatabasamu.

"Hiyo ni hoja," alisema. "Ni hoja nzuri sana. Lakini ni ya lugha nyingine."

"Katika Kiarabu ningezifuta hizi zote kwa mara moja."

"Naamini, mzee."

"Katika Kiajemi ungefungua sanduku."

"Ningefungua. Ningekuwa nimeshafungua. Lakini lugha ya ofisi hii ni moja, na katika lugha hiyo wewe ni kibarua." Karani alilitazama kwa namna ya huruma, akaona vumbi lililobaki kwenye viatu vyake. "Umekula leo?"

"Chai."

"Kesho kumi na mbili kasorobo, getini. Viganja vyako nimeviona, ni vizuri. Ukiulizwa, ujibu kama wenzako."

Alhamisi walijipanga watatu: wifi, Mama Mche, Neno. Mama Mche hakupakwa unga. Alikuwa amemwambia wifi tangu usiku kwamba yeye wifi ajibu kama kawaida, chumba kinahitaji mtu mmoja wa kukilisha, asimfuate. Wifi alikuwa amebisha, akamwita kichwa ngumu kama kaka yake aliyemwoa, akalia kidogo, akakubali.

"Umewahi kufanya kazi hapa?"

"Hapana," wifi alisema.

"Pita." Bwana Viganja akasogea. Alikitazama kiganja cha kushoto cha Mama Mche, kidonda na vile vidole viwili vilivyojikunja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu akauliza vilevile. "Umewahi kufanya kazi hapa?"

"Ndiyo," Mama Mche alisema. "Miaka kumi na tisa. Waya wa tatu kutoka dirishani."

Ile ndiyo ilitoka, ikabaki hewani mbele ya geti, kubwa kama kuku. Ilizunguka kutafuta pa kutua. Ikatua kwenye kofia ya mlinzi. Mlinzi akaipangusa kwa kiganja, akaendelea kufungua na kufunga.

"Kaa pembeni," Bwana Viganja alisema. Akasogea kwa Neno. "Umewahi kufanya kazi hapa?"

Neno lilimtazama Mama Mche. Lilikuwa limelala kwake siku mbili, limekula mkate wake.

"Hapana," lilisema.

"Pita."

Likapewa karatasi yenye namba. Likawekwa kwenye waya wa tatu kutoka dirishani.

Jioni lilileta nyumbani mkate mzima na sukari, likaviweka mezani, likakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti.

"Usinieleze," Mama Mche alisema. "Mimi nilisema hivyo hivyo mara elfu tano. Nieleze kitu kingine. Huko kwingine, walipokubadilisha kazi, ilikuuma?"

"Mwanzoni tu," Neno lilisema. "Wanakubadilishia maana wao. Baadaye mwenyewe unaamka asubuhi unaivaa."

"Hebu nyoosha mkono nione."

Likanyoosha. Sabuni ilikuwa imeanza kazi yake. Mstari wa Kireno ulikuwa umekwisha kufutika. Ijumaa ukaondoka wa Kihispania. Wiki iliyofuata ukaenda wa Kituruki, na dhahabu ya kolani ikabanduka yote, wifi akaipata kwenye maji ya kufulia akaitupa. Kiajemi kilikaa siku moja zaidi. Mstari wa kwanza, ule wa kumfungulia mtu, ulikuwa umeandikwa kwa kina na ulichelewa. Mama Mche aliushikia taa Jumatatu ya wiki ya tatu, jioni, akausoma herufi moja moja kwa kuliuliza Neno lenyewe, hii inasemaje, na hii. Jumanne ulikuwa haupo. Viganja vilibaki vyeupe, na Bwana Viganja alivisifu mbele ya watu.

Wenzake kiwandani wanasema Neno ni mfanyakazi mzuri, halisumbui, halipigi soga. Ukiliuliza lilizaliwa wapi, linasema hapa hapa. Nyasi za begani zimekuwa ndefu kidogo, na wifi huzipunguza kwa mkasi Jumapili.

Mama Mche hayuko tena foleni. Anaketi ng'ambo ya barabara, juu ya debe, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cheupe, mkono wa kulia una daftari la shule na kalamu ya bluu. Anaketi hapo tangu kumi na moja na nusu alfajiri mpaka mchana. Anawauliza wapitao swali moja, kwa adabu: je, umewahi kuniona nikiingia pale? Hana hasira nao. Anataka kujua tu. Tangu Alhamisi ile amewauliza watu mia tatu na kumi na wawili. Wengine walimpa sarafu. Mmoja alimwombea dua. Mmoja alisimamisha gari, akashusha kioo, akamwambia hakika sura yake anaikumbuka, miaka mingi, akaangalia saa, akaondoka. Kidole cha tatu sasa kimeanza kuinama.

Yule wa gari, kama ni wewe, unajijua. Na kama si wewe, ulikuwa nyuma yake unapiga honi.

Wifi hawezi kumwandikia barua, ni ndugu. Watu themanini wa ndani hawawezi, hawajawahi kuwepo. Neno lenyewe haliwezi tena, lilishajibu. Kati ya watu wote wa mji huu umebaki wewe uliyepita nje, mtu baki, mwenye macho, ambaye hujaulizwa swali lolote getini na hujajibu hapana kwa mtu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Chukua karatasi, yoyote, hata nyuma ya risiti. Usitafute maneno makubwa, yameshatumika. Andika: nilimwona. Andika saa, andika barabara, andika miaka mingapi. Tia sahihi yako, jina lako kamili lisomeke. Peleka hospitali mwenyewe, dirisha la nne, kwa yule mwanamke wa sweta la bluu, kabla ya saa tisa. Usisubiri kumaliza chai. Inuka.